Trekta Haliharibiki, Linapumzika

Tarehe 2 Juni

Mimi ni mtu mwenye bahati, na nasema hivyo bila haya. Tangu nikalie kiti cha trekta la ushirika wetu, halijaniharibikia hata siku moja. Wenzangu wa vyama vingine wamepewa matrekta mapya, yanang'aa kama vyombo vya harusini, na bado ukipita barabarani unawakuta wamelala chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. Miguu yangu mimi haijawahi kuonekana na mtu. Mimi naonekana kuanzia kifuani kwenda juu, nimekaa kitini, kofia iko upande, na watoto wa shule wananipungia mkono. Ndiyo maana naitwa Bwana Bahati. Jina nililopewa na wazazi nadhani hata mama watoto ameshalisahau.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu Muungano wa vyama vya ushirika unatuletea mtu wa kutupima msimu huu wa mavuno. Yeye ataandika yake, basi na mimi naandika yangu. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa maelewano, lakini kalamu naijua, na nimetembea. Nimeendesha magari ya kampuni ya barabara, nimekunywa chai katika miji ambayo mwenyekiti wetu anaisikia redioni tu.

Atakayesoma aelewe: ushirika wetu una kazi tatu na trekta moja. Asubuhi trekta linavuta tela, linakusanya maziwa vituoni na kuyaleta kwenye tangi la kupozea. Mchana linafungwa mkanda na kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Jioni mkanda uleule unahamia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Kazi tatu, trekta moja, dereva mmoja. Sasa wewe mwenyewe sema nani ni muhimu hapa.

Tarehe 3 Juni

Jua kali, mahindi yanakauka vizuri. Trekta lilipumzika kidogo karibu na daraja. Halikuharibika, lilipumzika.

Tarehe 6 Juni

Nimtaje Shemeji, maana huwezi kuandika habari za ushirika huu ukamruka. Ni mjane wa marehemu kaka yangu, na ndiye mkuu wa maziwa. Trekta hili kabla yangu aliliendesha kaka. Alipofariki, mimi nikarithi usukani, yeye akarithi midomo ya kunitania, na hajawahi kuiacha ipate kutu.

Leo nimeingiza tela uani kwa mbwembwe, nikapiga honi. Yeye na wenzake walikuwa wanaosha makeni ya maziwa.

"Karibu, Bwana Bahati," akasema. "Naona leo umekuja na trekta. Jana trekta ndilo lililokuja na wewe."

"Shemeji, wivu utakumaliza. Bahati haigawanywi."

"Bahati ya nani? Bahati yako ina grisi mpaka kwenye kiwiko, mbona mikono yako misafi?"

Wanawake wote wakacheka mpaka keni moja likaanguka. Nikacheka nao. Mimi sina kinyongo.

Tarehe 9 Juni

Mpimaji amefika. Nilitegemea mzee mwenye miwani na tumbo. Ni binti, viatu vyake vya matope, ametembea kwa miguu kutoka barabara kuu. Mwenyekiti alikuwa amevaa suti kumpokea, na suti ikaonekana imekosea siku.

Alikuja moja kwa moja kwenye trekta.

"Kaka, nimeambiwa trekta moja linafanya kazi tatu. Nataka kujua kila kazi inakula kiasi gani cha trekta."

"Utaligawa kwa msumeno?"

Hakukasirika. "Kwa saa. Na kwa dizeli. Mikono ya watu nayo naigawa hivyo hivyo. Naangalia kinachoingia kwenye kila kazi, halafu naangalia kinachotoka. Kazi inayomeza kingi na kutoa kidogo inawavuta wenzake nyuma."

"Ikiwavuta?"

"Muungano ndio unaamua. Kuna chama kimefungiwa kazi moja, vifaa vikahamishiwa kwa wengine."

Nikamwambia asinitishe, mimi nimepimwa na watu wa mizani barabarani huku nimepakia kokoto. Akatabasamu, halafu akauliza: "Trekta linaharibika mara ngapi kwa msimu?"

"Halijawahi."

"Halijawahi kabisa?"

"Bahati, dada yangu. Wengine wanazaliwa nayo."

Aliniangalia kama mtu aliyetajiwa bei ya kiatu. Lakini aliandika.

Tarehe 10 Juni

Trekta lilipumzika kwenye mteremko, tela lina maziwa. Shemeji na wanawake wawili walikuja kunisalimia. Kwa kuwa walikuja na spana, salamu zilichukua muda.

Tarehe 13 Juni

Jua. Mashine ya mahindi inakwenda mchaka mchaka. Anayeisimamia tunamwita Vumbi, kwa sababu msimu wa mavuno hata kope zake zina unga. Leo alimwambia Mpimaji kwamba bila trekta yeye hawezi chochote, basi ni lake siku nzima. Mkamua alizeti akasema hapana, ni lake yeye. Nikawaambia wasigombane, trekta ni langu. Mpimaji aliandika yote, maskini.

Tarehe 15 Juni

Binti yule ana macho. Leo alikuwa nyumba ya tangi, nami nimeegemea mlango nikisimulia safari zangu. Akanikatiza.

"Samahani kaka. Mbona akina mama wa maziwa wana grisi kwenye vifundo vya mikono?"

Shemeji aliinua uso, akanitazama mimi, siyo yeye.

"Ni mafuta ya kujipaka," nikasema. "Ngozi inakauka na jua hili."

"Meusi?"

"Ya kienyeji."

Shemeji akarudi kwenye keni lake, akalisugua kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwemo. Mpimaji akasema tena, kama anajisemea: "Saa za watu wa maziwa ni nyingi mno. Wanafika mapema kuliko wote, wanaondoka mwisho, na maziwa ni yaleyale. Hizo saa zinakwenda wapi?"

Nikasema wanawake wanapenda kuongea. Mwenyewe nilicheka peke yangu.

Tarehe 16 Juni

Wingu moja upande wa milima, dogo kama leso. Vumbi analitukana.

Tarehe 18 Juni

Mawingu yameongezeka. Trekta lilipumzika mara mbili. Safari ya pili Shemeji alinifundisha, au alijaribu. Aliniita nishuke nione: hewa imeingia kwenye bomba la dizeli, unalegeza hapa, unapampu hapa, povu likiisha unakaza. Alijifunza kwa kumshikia kaka spana, miaka yote ile. Nilimwambia mimi ni dereva, siyo mkunga wa chuma.

"Sawa," akasema, "lakini siku mkunga akisafiri utazaa barabarani."

Naandika hapa ili niwe mkweli: sikushuka kitini.

Tarehe 21 Juni

Joto la kunyonga. Mahindi ya ushirika mzima yametandazwa kwenye maturubai uani. Mwenyekiti anatembea kati yake mikono nyuma, kama anayakagua kwenye gwaride.

Tarehe 24 Juni

Siku ya leo nitaiandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyotelekezwa motoni. Mwenyekiti akaamua: trekta lisiende kukusanya maziwa, lifungwe mkanda, mahindi yapukuchuliwe kabla mvua haijashuka. Wanawake wakasema hakuna neno, maziwa wangeyasukuma wenyewe kwa mikokoteni, vituo si mbali sana. Mpimaji alikuwa nyumba ya tangi na kipimajoto chake, anayasubiri.

Nikawasha. Mkanda ukashika, mashine ikanguruma, punje zikaanza kumwagika kama mvua ya pembeni. Nikapiga honi kwa furaha. Nikasimama kitini nikacheza. Vumbi akacheka, meno tu ndiyo yaliyoonekana.

Tulikuwa hata nusu hatujafika. Trekta likakohoa. Likakohoa tena. Likanyamaza.

Watu wote uani waligeuza shingo kunitazama. Mwenyekiti akasema: "Bwana Bahati?" Nikasema: "Linapumzika." Safari hii hakuna aliyecheka, maana radi ilipiga palepale.

Vumbi hakusubiri. Alimtuma mtu akimbie barabara ya vituo kumwita Shemeji. Wakaja, yeye na wanawake wote wa maziwa, wanakimbia, wameiacha mikokoteni kando ya njia na makeni juu yake. Shemeji alijitupa chini ya injini hata kanga hakuikunja. Bomba la dizeli lilikuwa limepasuka. Akapiga kelele: "Mpira wa kuoshea makeni! Ukateni!" Mmoja akakimbia nyumba ya tangi kupitia mlango wa nyuma, akaukata mpira wao wa kazi. Wengine walishika tochi, wengine spana, wengine waliziba kwa vidole dizeli isimwagike. Mimi nilikuwa kitini. Kazi yangu ilikuwa kungoja kuambiwa "Washa." Niliambiwa hivyo mara nyingi kabla halijawaka.

Likawaka. Tukapukuchua kama watu wanaofukuzwa. Wanawake walibaki kushikilia ule mpira usichomoke, kwa zamu, mvuke ukiwachoma. Punje ya mwisho iliingia gunia, na tone la kwanza likaanguka kwenye pua yangu. Uani mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti akaninyanyua mkono juu. "Bwana Bahati!" wakaimba. Na mimi nikaimba pamoja nao.

Nilipogeuka, Shemeji na wenzake walikuwa wameshaondoka mbio kurudi kwenye mikokoteni.

Maziwa yalikuwa yamechacha. Yote. Joto lile la kabla ya mvua lilikuwa limeyakuta njiani hayana mwenyewe. Lori la mnunuzi likanusa, likaondoka. Nilifika nyumba ya tangi nikawakuta wanayamwaga mtaroni, keni baada ya keni, maji ya mvua yanayabeba meupe hadi barabarani.

Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni.

"Akina mama walikuwa wapi?" akauliza. Hakuwauliza wao. Aliniuliza mimi.

Shemeji alisimama na keni mikononi. Alinipa nafasi, ndivyo ninavyoona sasa. Alinipa nafasi pana, lori lingegeukia humo.

Nikasema: "Si unaona mvua? Walijikinga."

Mpimaji akaangalia nje, akaniangalia mimi. "Mvua imekuja baada ya maziwa kuchacha, kaka."

"Basi sijui."

Shemeji akamwaga lile keni la mwisho.

Tarehe 25 Juni

Mvua. Sina la kuandika.

Tarehe 26 Juni

Mvua. Nimempitia Shemeji asubuhi nikamsalimia. Akaitikia: "Marahaba, dereva."

Dereva. Hajawahi kuniita hivyo.

Tarehe 30 Juni

Mvua ya manyunyu. Trekta halijapumzika wiki hii. Ule mpira wa kuoshea makeni bado uko kwenye injini. Wao wanaosha kwa ndoo.

Tarehe 9 Julai

Matokeo yamesomwa ofisini kwa mwenyekiti. Mahindi ya kwanza, alizeti ya pili, maziwa ya mwisho, tena ya mwisho kwa mbali: saa nyingi, mikono mingi, maziwa machache, na siku moja yote yamemwagwa. Muungano unalichukua tangi la kupozea, litapelekwa kwenye chama kingine. Lori litakuja tarehe ishirini. Bila tangi hakuna maziwa, na bila maziwa wale wanawake hawana kazi humu.

Mwenyekiti hakuhuzunika sana. Nyumba ya tangi anaitaka iwe ghala la magunia, amelisema hilo tangu zamani.

"Namba zimesema," akatangaza. Halafu akafungua mfuko akatoa kofia mpya, ina rangi za Muungano. "Na hii ni ya dereva bora. Trekta moja, kazi tatu, haliharibiki!"

Wakapiga makofi. Niliivaa. Inawasha kichwa.

Tarehe 10 Julai

Mama watoto ameniambia: "Hiyo kofia usiingie nayo ndani." Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Itapata aibu ikikutana na dada yangu." Anamwita Shemeji dada. Watoto wangu wanakula kwake, wake wanakula kwangu, hakuna anayejua mwisho wa nyumba moja uko wapi.

Tarehe 12 Julai

Nimekwenda nyumba ya tangi. Alikuwa peke yake, anafuta tangi ndani kama litabaki.

"Kwa nini husemi?" nikamuuliza.

"Niseme nini, dereva?"

"Kwamba mlikuwa kwenye trekta. Siku ile. Na siku nyingine."

Akatoa kichwa ndani ya tangi. "Haya, nimesema. Halafu? Watauliza dereva alikuwa wapi. Watasema trekta ni bovu na dereva hajui hata kutoa hewa kwenye bomba. Watakushusha. Watoto wako watakula hiyo kofia?"

Nikaegemea mlango.

"Kaka yako alinifundisha trekta. Hakunifundisha kuwachongea watu," akasema. "Ukitaka kusema, sema mwenyewe. Mdomo unao, msimu mzima umetufungulia kama duka."

Akarudisha kichwa ndani ya tangi, na sauti yake ikatoka huko kwa mwangwi: "Na funga mlango, inzi wanaingia."

Tarehe 13 Julai

Jua limerudi. Nimeendesha kutwa bila honi.

Tarehe 17 Julai

Nimekwenda kwa mwenyekiti nikamwambia tangi lisiondoke. Akauliza sababu. Nikasema maziwa ni mazuri kwa afya. Akanicheka mpaka akajifuta machozi. Nilistahili.

Lakini na iandikwe: nimechukia. Nimewachukia wao, nikaichukia hiyo kofia, na nilipofika nyumbani nikajikuta bado nina chuki imebaki, nikajua ni ya nani.

Tarehe 20 Julai

Lori la Muungano liliingia uani asubuhi na vijana wa kubeba na winchi. Mpimaji alikuja nalo kukabidhi. Mwenyekiti alikuwa na ile suti yake. Wanawake wa maziwa walisimama ukutani, mikono kifuani, hakuna aliyelia. Shemeji alikuwa katikati yao, anaangalia lango.

Nikawasha trekta. Nikalitoa kwenye kibanda taratibu, nikalipeleka langoni, nikalisimamisha kwa ubavu, tela na yote, toka nguzo hadi nguzo. Nikazima. Nikashuka. Nikaweka ile kofia kwenye boneti.

Lori likapiga honi.

"Ondoa trekta," akasema mwenyekiti.

"Siondoi."

"Unasemaje?"

"Nasema lori hili litaondoka kama lilivyokuja, tupu. Tangi haliendi popote."

"Wewe umelewa?"

"Siku zote nilikuwa nimelewa, mwenyekiti, leo ndiyo nimeamka. Si mlisema namba zimesema? Namba hazina mdomo. Mimi ninao."

Dereva wa lori akashuka, mtu wa mwili, akaniuliza kama nataka matatizo. Nikamwambia matatizo ninayo ya kutosha, hata yeye naweza kumgawia. Vumbi na watu wake wakaanza kusogea, mkamua alizeti akaja na mkono wa mashine, uani pakajaa.

Mwenyekiti alinifuata hadi puani. "Nakuamuru. Panda, liwashe, ondoa."

Na mimi, ili nimwonyeshe kwamba ninakataa kwa hiari yangu, nikapanda, nikasema, "Ona, naweza kuliwasha, ila sitaki," nikageuza ufunguo.

Halikuwaka.

Nikageuza tena. Likakohoa. Likanyamaza. Naapa sikupanga hilo. Kutoka ukutani nilisikia mwanamke mmoja anacheka kwa pua.

"Liwashe!" mwenyekiti akapiga kelele. "Wewe si una bahati?"

Basi nikasimama juu ya kiti, palepale nilipochezea siku ya mahindi, nikasema kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia:

"Haliwaki! Trekta hili ni bovu! Msimu wote limekufa na kufufuliwa, na aliyelifufua si mimi. Ni hawa! Kila niliposema linapumzika, walikuwa chini yake. Siku ya mvua mahindi yenu yaliokolewa na watu wa maziwa, na maziwa yao yakachacha njiani kwa sababu walikuwa wanashikilia bomba kwa mikono. Mpira wao mmeuvalisha trekta, wao wanaosha kwa ndoo! Saa zao mmezihesabu kwenye maziwa, na zilikuwa kwenye mahindi, na kwenye alizeti, na kwenye jina langu! Dada Mpimaji, uliniuliza, nikakudanganya. Ile grisi ilikuwa grisi. Andika!"

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Mpimaji alisogea mpaka kwenye gurudumu. "Niliiona tangu wiki ya kwanza," akasema. "Lakini siandiki ninachokisia. Ningemuuliza nani, kama dereva anasema halijawahi na wao wananyamaza?" Akageuka. "Mama, ni kweli anachosema?"

Shemeji akajibu: "Leo, ndiyo."

"Basi hesabu hii siyo," Mpimaji akamwambia mwenyekiti. "Nimewatoza watu wa maziwa saa ambazo kazi zote tatu zimezila. Lazima nirudie. Mpaka nirudie, siwezi kukabidhi tangi."

"Lakini lori limeshakuja!"

"Litarudi."

"Litapitaje? Huyu mwendawazimu ameziba lango!" Mwenyekiti alikuwa anatoka jasho ndani ya suti. Akawageukia wanawake, akalegeza sauti. "Mama, tafadhali. Hebu njoo uliwashe mara moja hili trekta."

Shemeji alijikung'uta kanga. Hakuharakisha.

"Mimi mwenyekiti ni mtu wa maziwa," akasema. "Mkinihesabu kwenye trekta, niiteni kwenye trekta."

Nimetembea miji mingi, nimesikia watu wenye suti nzuri kuliko ya mwenyekiti wakihutubia viwanjani. Sijasikia hotuba kama ile. Vumbi ndiye aliyeanza kupiga makofi, na vumbi likamtoka.

Lori lilikaa uani mpaka jua likazama nusu. Tulilisukuma trekta kwa mikono, kila mtu, mahindi na alizeti, na yule dereva wa lori naye alisukuma. Wanawake wa maziwa walitazama. Lori lilitoka tupu.

Nilipopita karibu na Shemeji nikamwambia, "Pole kwa yote." Akasema: "Kofia yako imeanguka, shemeji."

Shemeji. Niliiacha ile kofia matopeni.

Tarehe 22 Julai

Mwenyekiti amenishusha. Trekta halitaendeshwa mpaka litengenezwe, na dereva wa uongo hatakiwi. Nimemwambia anipunguzie mshahara, asinipunguzie sauti, maana ikihitajika nitaziba lango kwa mwili wangu, nami ni mpana.

Tarehe 4 Agosti

Mpimaji amerudi na hesabu mpya, amekaa siku kadhaa na wanawake akiuliza kila saa ilikwenda wapi. Maziwa yamepanda juu kuliko yote. Mahindi yameshuka hadi mwisho, na Vumbi haniongeleshi. Ushirika mzima kwa jumla haukupanda hata kidogo, maana trekta ni bovu kweli, na Muungano sasa unajua. Tangi linabaki msimu ujao. Msimu wa baada ya hapo tutaona. Wakija, wajue lango liko palepale.

Mkutano umekubali kitu kimoja kipya: kazi za ushirika sasa ni nne. Ya nne ni kulitunza trekta, ina saa zake, na mkuu wake ni Shemeji. Alipoulizwa atamtaka nani awe msaidizi, alinionyesha kwa kidole bila kunitazama. "Huyo," akasema. "Ana muda."

Tarehe 11 Agosti

Asubuhi naosha makeni kwa mpira mpya. Mchana nashika spana. Natukanwa sana. Jana niliutoa mfuniko usiotakiwa, dizeli ikaniogesha, Shemeji akaniuliza kama hayo ni mafuta yangu ya kujipaka ya kienyeji.

Tarehe 15 Agosti

Leo nimelala chini ya injini, nimelegeza, nimepampu, povu limeisha, nimekaza. Peke yangu. Shemeji aliwasha, likanguruma juu ya uso wangu. Wakati huohuo watoto wa shule walikuwa wanapita barabarani. Hawakuniona kifua wala uso. Waliipungia mkono miguu yangu, na mimi nikawajibu kwa kuitikisa.

Nimerudi kusoma nilichoandika siku ya kwanza, kwamba nina bahati na trekta halijaniharibikia hata siku moja. Ni uongo. Liliharibika kila wiki, na mimi sikuwahi kulitengeneza.